Makinga maji ya fanya juu: kuhifadhi udongo na maji shambani

Mvua ya milimita 20 ikinyesha katika shamba la ekari moja huleta takriban lita 80,000 za maji. Katika maeneo kame ya Ukambani, mvua kama hiyo inaweza kunyesha kwa saa chache tu, kisha jua likawaka kwa wiki kadhaa. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha hali hiyo. Shamba lisilo na makinga maji hupata hasara mara mbili: maji huishia mtoni, na udongo wenye rutuba huenda nayo.

Katika miaka ya 1930, miteremko ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Baadaye wakulima waliirejesha kwa kuchimba makinga maji, wengi wakishirikiana katika vikundi vya mwethya. Aina iliyoenea sana ni fanya juu.

Hatua za kufuata

1. Kupima. Mkulima huweka vijiti kwenye mstari ulio sawa, unaokata mteremko, akitumia fremu ya umbo la A yenye kamba na jiwe.

2. Kuchimba. Mtaro huwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo hutupwa upande wa juu, ndiyo maana ukaitwa fanya juu.

3. Kupanda nyasi. Napier au makarikari hupandwa juu ya tuta. Mizizi hushika udongo, na majani hulisha ng'ombe.

Kati ya makinga maji, samadi huchanganywa na udongo. Mabua ya mahindi yasichomwe. Yakichomwa, kaboni iliyomo hurudi hewani mara moja. Yakitandazwa au kufanywa mboji, sehemu ya kaboni hubaki udongoni, na udongo huo hushika maji kwa muda mrefu zaidi.

Tahadhari

Mtaro usiopimwa vizuri hukusanya maji mahali pamoja, tuta likapasuka na korongo likaanza, mara nyingi katika shamba la jirani wa chini. Kwa hiyo majirani wa mteremko mmoja wapange kazi pamoja, waanzie juu kwenda chini.

Mvua ya vuli huanza Oktoba. Kazi ifanywe Agosti na Septemba, na anayehitaji kupimiwa amwone afisa wa kilimo wa wadi yake mapema.