Kuomba Kazi ya Ualimu: Ndani ya Bahasha Mna Nini?

Ndugu wanakikundi, wengi wenu mna kijana aliyemaliza chuo cha ualimu na bado yuko nyumbani. Someni haya pamoja naye.

Kazi za TSC huombwa kwa mtandao. Lakini nafasi za bodi ya shule mara nyingi hupelekwa barua kwa mkono, na hapo ndipo vijana wetu hukosea.

Kwanza ni usajili. Sheria ya TSC ya 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa. Basi nambari yako ya TSC iandike juu kabisa kwenye wasifu, karibu na jina na simu. Wengine huificha ukurasa wa tatu! Kisha taja masomo yako: "Hisabati na Fizikia", si "sayansi" tu. Kama hujawahi kuajiriwa, eleza vizuri mazoezi ya kufundisha: shule gani, darasa gani, miezi mingapi. Hiyo ndiyo nguvu yako. Mambo ya urefu na uzito, wachana nayo.

Wadhamini, waulize kabla ya kuandika majina yao.

Bahashani tia nakala za vyeti peke yake. Mimi niliwahi kuacha cheti chenyewe kwenye ofisi ya shule moja. Niliporudi, hakuna aliyekijua. Cheti chenyewe kionyeshe siku ya mahojiano, urudi nacho.

TSC haitozi pesa za kuomba kazi. Kikundi kikitaka kusaidia, kilipe nauli na fotokopi.