Sikuwa wa Bei Rahisi

Mwaka wangu wa kwanza chuoni hapa Kigali nilikuwa nikijipaka mkorogo usiku, mlango nimeufunga. Niliununua kwa siri, kwani msako wa krimu hizo ulikwisha anza tangu 2018. Uso ukapauka, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, jua likawa linaniunguza. Baadaye nikajifunza kwamba zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hudhuru figo.

Kilichonizindua ni kisa cha Zahir, bedui ambaye sura yake haikuwa ya kupendeza. Mtume (S.A.W.) alimkumbatia kwa nyuma sokoni, akauliza kwa utani nani atamnunua. Zahir akasema hatapata bei. Mtume akamjibu kuwa mbele ya Allah thamani yake ni kubwa.

Nikajiona: nilijishusha bei mwenyewe kabla ya mtu yeyote kunipima.

Ndugu zangu, usafi, mafuta mazuri na mavazi ya heshima ni pambo la halali. Kuichubua ngozi aliyokupa Mola si pambo. Ukijidharau mbele ya kioo, kumbuka soko lile.