PLAGI YA MOTO INAKULA MTAJI WAKO

Leo niongee na wenye saluni, friji za vinywaji na mabirika ya chai.

Ukichomeka plagi unadhani pini imegusana na soketi kote. Hapana. Hata shaba iliyong'aa ina vilima na mabonde madogo sana, kwa hiyo zinagusana kwenye vitone vichache tu. Umeme wote unapita hapo.

Msuguano una faida na hasara. Unapochomeka, pini inakwangua utando wa uchafu, hiyo ni nzuri. Ila chomeka chomoa ya kila siku inalegeza vibati vya ndani, vinaacha kubana. Mbaya zaidi ni mtikisiko mdogo, kama wa friji inayonguruma juu ya ekstensheni. Unasugua palepale, unga wa shaba unatoka, ukikutana na hewa unakuwa utando usiopitisha umeme vizuri.

Muda nao unamalizia kazi. Joto likipanda na kushuka, skrubu zinalegea. Zikilegea, joto linazidi, na joto likizidi utando unaongezeka. Ni mzunguko.

Tupige hesabu. Draya ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9. Soketi ikilegea mpaka ukinzani ufike nusu omu, hapo pamoja tu panatoa joto la karibu wati 40, sawa na pasi ya fundi redio ya kuyeyushia risasi! Na breka haikati, maana umeme unaopita haujazidi kiwango.

Mimi nafanya hivi:

1. Kila wiki, vifaa vikiwa vimefanya kazi muda mrefu, nagusa plastiki ya plagi. Vuguvugu sawa. Ikiwa ya moto, nazima na kuita fundi.

2. Soketi inayocheza, yenye harufu au alama ya kahawia, inabadilishwa. Usikunje pini wala kupachika karatasi ili ibane. Plagi iliyoungua ibadilishwe pia, la sivyo itaharibu soketi mpya.

3. Friji na draya zinakaa kwenye soketi ya ukutani, sio ekstensheni.

4. Nazima swichi kabla ya kuchomoa, kwa sababu cheche zinakula pini.

Bei ya soketi moja huwezi kuilinganisha na bidhaa za duka zima. Kabla hujafunga leo, ziguse plagi zako. Na mtumie mwenzako mwenye saluni asome.