MABINTI WA SELOFEHADI NA MABINTI WETU

Somo: Hesabu 27:1-11



Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza walifiwa na baba yao jangwani, naye hakuacha mtoto mwanaume. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakubwa na mkutano wote, wakaomba fungu lao. Musa hakuwafukuza. Alipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki. Hapo tunajifunza mambo matatu.

1. Binti ana fungu lake. Kwetu Kasongo na Kabambare, feza ikipunguka nyumbani, nani anaondolewa masomoni kwanza? Mara nyingi ni binti. Anatumwa kwenye shamba la mpunga, ao anaenda kuuza chakula kwenye machimbo ya zahabu upande wa Salamabila. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure. Mzigo wa mzazi unaanza sekondari. Hapo ndipo tusichoke.

2. Sheria inamlinda. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilikubali binti aolewe na miaka 15. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 inasema miaka 18, kwa mwanamke na mwanaume sawasawa. Tena mwili usiokomaa unaumia katika kuzaa: wengine wanabaki na fistula, mkojo unatoka bila kukoma, na bwana anawaacha.

3. Musa aliuliza Mungu, hakujisemea. Hapa tuungame. Kati yetu mtu alisema ameonyeshwa katika ndoto kwamba binti wa miaka 15 ni bibi yake. Sisi mashemasi tulinyamaza, tukala mbuzi wa mahari pamoja na wengine. Binti yule aliacha masomo. Tulikosa. 1 Yoane 4:1 inatuamuru kupima roho. Ndoto inayomnyima mtoto sauti haifanani na Mungu aliyesikiliza mabinti watano.

Maulizo ya nyumbani:
a) Mabinti wetu wanaweza kusimama mbele ya wazee na kusema bila woga?
b) Nani katika kundi letu ameacha masomo mwaka huu, na kwa sababu gani?

Mama na baba, muwaulize mabinti wenu, kisha mlete majibu kwa mashemasi. Safari hii hatutanyamaza. Bwana atusaidie. Amina.