Mtoto Atachelewa Kukuamini, Wewe Usichoke

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, tuongee taratibu. Najua utakachoniambia, maana wenzako wengi wameshakutangulia: "Dada, huyu mtoto amenishinda." Jana tu alikuwa anang'ang'ania kanga yako usiende sokoni bila yeye. Leo ana miaka 14, anajifungia chumbani, simu haimtoki mkononi, na ukimuuliza kitu anapandisha mabega. Umefoka. Umechapa. Umemwita mjomba wake aje amkanye. Umemnunulia viatu ukidhani moyo utalainika. Usiku ukilala unayageuza yote kichwani, unajiuliza ulikosea wapi.

Hauko peke yako, na nyumba yako haina laana yoyote. Kulea mtoto aliyeanza kubalehe kumewatoa jasho waliosoma na wasiosoma, wenye nacho na wasio nacho. Ila kukusamehe si kukuacha ufanye utakavyo, kwa hiyo leo nisikilize mpaka mwisho, hata pale nitakapokukwaruza.

Yuko profesa mmoja anaitwa Lucie Cluver. Fani yake ni ustawi wa jamii, upande wa watoto na familia. Anafundisha Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, lakini kazi iliyomjengea jina ameifanya Afrika Kusini, yeye na wenzake wa huko, katika nyumba ambazo UKIMWI uliondoka na wazazi ukawaachia bibi wajukuu. Alitaka kujua jambo linalokunyima usingizi na wewe: ni nini hasa kinachomkinga kijana asiharibikiwe?

Tuanze na pesa, maana ndiyo tunayoikimbilia wote. Serikali ya Afrika Kusini huwapa walezi wenye kipato duni ruzuku ya kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Mwaka 2013 Cluver na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet Global Health. Katika nyumba zilizopata ruzuku hiyo, uwezekano wa msichana kuingia kwenye mapenzi ya kupewa vitu ulikuwa pungufu kwa karibu nusu. Wa kuwa na mwanaume aliyemzidi sana umri ulipungua zaidi ya hapo. Haya wewe unayajua hata bila profesa. Binti anatembea mwendo mrefu kwenda shule, tumbo tupu. Leo amepewa lifti ya bodaboda, kesho chipsi, keshokutwa vocha, na baada ya hapo anadaiwa. Fataki, yule mwanaume mtu mzima anayewanasa mabinti, hamwambii binti anachokitaka. Anaanza na njaa yake, na hela ya taulo za kike ambayo aliona haya kukuomba.

Hapo nikuulize, mdogo wangu, na unijibu moyoni mwako. Mara ya mwisho binti yako kukuomba hela ya taulo ilikuwa lini, na ulimjibu kwa sura gani? Kama ulimwambia "kila siku hela, hela," ujue yuko mtu barabarani ambaye hatamjibu hivyo. Kama huna, mwambie huna, na mwambie lini utapata. Mtoto anaweza kuuvumilia umaskini wa nyumbani kwao. Kinachomchoma ni kuonyeshwa kuwa yeye ni mzigo.

Lakini pesa ile haikubadilisha mwenendo wa wavulana. Hata kwa wasichana haikugusa mambo mengine, kama kuwa na wapenzi wengi au kutotumia kinga. Mwaka 2014 watafiti hao walionyesha kipande kilichokuwa kinapungua. Pale msaada wa pesa au chakula ulipoandamana na malezi, yaani mzazi anayesifu na kusikiliza, au mwalimu anayemjali mwanafunzi wake, mienendo inayomweka kijana kwenye hatari ya VVU ilipungua kwa karibu nusu, wasichana na wavulana sawia. Kaka zangu wadogo mnaosema "mimi natoa matumizi, mengine amalizane na mama yake," rudini muisome sentensi hiyo. Mvulana wako hahitaji mfuko wako tu. Anahitaji kukusikia ukimuuliza siku yake imekwendaje, na umsubiri mpaka amalize kujibu.

Malezi hayo nayo yanafundishika, na hilo ndilo lililonipa moyo zaidi. Kikundi cha Cluver kilitengeneza mafunzo yaliyoitwa Sinovuyo Teen, wakayapima katika jimbo la Eastern Cape kwa familia 552 za vijiji na vitongoji 40. Kura ilipigwa: baadhi ya maeneo yakapata mafunzo ya vipindi 14, mengine yakapata somo la usafi, ili watu walinganishwe kwa haki. Katika vipindi vingi mlezi na kijana wake walikaa pamoja. Walifanya mazoezi ya kusifiana, ya kuongea ukiwa na hasira bila kulipuka, ya kupanga sheria za nyumbani wakiwa wote, ya kupanga matumizi na kuweka akiba, na ya kujua njia zipi na saa zipi si salama kupita. Aliyekosa kipindi alifuatwa nyumbani.

Matokeo yalitoka mwaka 2018, na hapa nataka tukae kidogo. Walipoulizwa miezi mitano hadi tisa baada ya mafunzo, walezi walisema viboko na maneno ya kuumiza vimepungua kwa karibu nusu. Vijana wao wakaulizwa jambo hilo hilo, na majibu yao hayakuonyesha tofauti ya maana.

Usiruke haraka kusema wazazi walidanganya. Huenda wapo waliojipamba, sisi binadamu tunajijua. Mimi nimelea na nimeona walezi wengi wakilea, nami naona kuna jambo jingine pia. Mzazi anahesabu siku alizojizuia. Mtoto anahesabu siku aliyopigwa. Wewe umekaa wiki tatu hujanyanyua mkono na unajiona umekuwa mtu mpya, lakini yeye bado anausikia ule msonyo wako wa asubuhi, na akisikia mlango unafunguliwa kwa nguvu mwili unamsisimka. Hajaamini bado. Ana haki ya kutoamini, kwa sababu ameshakuona ukiahidi na kurudi kule kule.

Na ukaidi je? Mdogo wangu, sikufichi: utafiti haukuonyesha kwamba utundu na ukorofi wa vijana ulipungua. Najua hilo linakuvunja moyo, kwa sababu ulitaka nikwambie mwongee vizuri siku mbili ataanza kuosha vyombo bila kutumwa. Ila kuna yaliyobadilika, na ni makubwa. Vijana wenyewe, hao hao ambao hawakuona tofauti kwenye viboko, walikubali kwamba wazazi wamekuwa karibu nao zaidi na wanafuatilia zaidi wako wapi na wako na nani. Walisema pia wamepunguza pombe na dawa za kulevya. Walezi nao mioyo iliwatulia, msongo wa malezi ukapungua, na hali ya kipato nyumbani ikawa afadhali. Mzazi aliyetulia ni nafuu kwa nyumba nzima, hata kama kijana bado anapandisha mabega.

Mafunzo hayo hayakuishia Afrika Kusini. Kwetu Tanzania yaliletwa kwa jina la Furaha Teens. Pia ulikuwepo mpango wa Ujana Salama uliopita katika baadhi ya wilaya za Iringa na Mbeya, ambako vijana wa kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, walifundishwa stadi za kujitafutia riziki na afya ya uzazi, wakawekewa mtu mzima wa kuwashika mkono. Kwa hiyo usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Yamefanyiwa kazi na akina mama wa vijijini wanaoteka maji kama wewe.

Sasa tuingie nyumbani kwako. Binti au kijana wako anatakiwa awe amerudi magharibi. Kaingia saa mbili na nusu usiku. Wewe uko mlangoni, kandambili iko mkononi tayari, na maneno yamejipanga kinywani, mengine ni ya kumtukana hata aliyemzaa, kana kwamba si wewe. Ishushe kandambili. Mwambie, "Nimehangaika sana, nilidhani umepatwa na kitu. Ingia ule, kesho tutaongea." Uishie hapo. Utatetemeka, na hilo si vibaya. Hasira hasara, na saa hiyo nyote wawili mmeshapandwa. Kesho asubuhi, chai ikiwa mezani, muulize alikuwa wapi, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi kina mama. Tunauliza swali, tunalijibu wenyewe, halafu tunakasirika kwamba mtoto hasemi kitu. Akishasema, mkumbushe adhabu mliyokubaliana wakati hakuna aliyekasirika: simu inakaa kabatini siku mbili. Siku mbili ziwe mbili, zisigeuke wiki kwa sababu umekumbuka kosa la mwezi uliopita.

Nasikia mmoja wenu ananitupia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli kabisa, nami naishika. Mkatalie mtoto, na akilia mwache alie. Kabati likifungwa simu ikiwa ndani atalia sana, na hujamgusa hata unywele.

Jambo lingine dogo ambalo watu huliona la aibu ni kusifu. Sisi tumelelewa na watu waliotupenda bila kututamkia, basi ulimi unakuwa mzito. Lakini mwambie, "Nimeona umemsaidia mdogo wako hesabu, asante." Kitu kimoja, ukitaje kwa jina, kila siku. Usimalizie na "ungekuwa hivyo siku zote." Mkia huo unaifuta asante yote. Siku za mwanzo atakutazama kwa mashaka, pengine atakuuliza unaumwa nini. Endelea.

Na wewe mama mkwe, shangazi, bibi unayelea wajukuu kwa hela ya maandazi, na wewe kaka mkubwa uliyeachiwa wadogo zako, haya yote yanakuhusu. Walezi wengi waliokaa kwenye vipindi vile hawakuwazaa watoto waliokuwa pembeni yao. Usikae unajidharau kwamba kwa vile si wa tumbo lako neno lako halina uzito.

Nimalizie na lile linalotisha, maana najua ndilo linalowafanya wengi wenu mpende mtoto akae kimya. Ukianza kusikiliza kweli, iko siku atakuambia kitu ambacho hukutaka kukisikia. Amechelewa kuziona siku zake. Ameshikwashikwa na mtu mnayemheshimu. Ameonja bangi. Siku hiyo usimpigie simu dada yako wa Morogoro kabla mtoto hajamaliza kusema, na usimwulize "ulivaaje." Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia." Kama ni suala la vipimo, nendeni pamoja kituo cha afya, wewe ukae benchi la nje akitaka kuongea na nesi peke yake. Kama kuna mtu mzima amemgusa, usikubali kikao cha ukoo cha kumalizana kwa mbuzi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asioge wala usifue nguo alizovaa, kisha mwende kituo cha polisi mwulizie dawati la jinsia na watoto. Ukishindwa kujua pa kuanzia, iwe uko Tanzania au Kenya, piga 116. Ni namba ya msaada kwa watoto, na hulipii.