Piga Video Itakayomwelekeza Mhandisi Kwenye Kalvati Yako

Kila msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, wakazi hututumia video za barabara zilizokatika na kalvati zilizobebwa na maji. Tunashukuru. Lakini nyingi hazitusaidii: picha inatikisika, sauti ni ya upepo mtupu, na mtazamaji hawezi kujua hapo ni wapi. Mahali ni jambo kubwa kwa sababu barabara nyingine ni za kaunti na nyingine ziko chini ya KeRRA au KeNHA. Tusipojua ni barabara gani, hatujui hata tumpelekee nani malalamiko yako.

Kwa hivyo anza na mahali. Kabla ya kuonyesha uharibifu, elekeza simu kwenye kitu kinachojulikana, kama vile kibao cha shule, msikiti, kanisa au duka, huku ukitaja tarehe, kijiji na wadi.

Futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huifanya picha ionekane kama ya ukungu. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikibana mbavu, na uilaze. Video ya wima inapendeza kwenye TikTok, lakini barabara inahitaji upana.

Wanaoanza hupenda kuzungusha simu huku na huku kama mtu anayemulika tochi usiku akitafuta mbuzi aliyepotea. Usifanye hivyo. Piga vipande vitatu, kila kimoja sekunde kumi, simu ikiwa imetulia: cha kwanza kutoka mbali ili barabara yote ionekane, cha pili karibu kidogo, cha tatu kwenye ufa au shimo lenyewe. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi; utashangaa jinsi sekunde hizo zilivyo ndefu. Ukitaka kusogea karibu, tembea badala ya kuvuta picha kwa vidole, kwani simu nyingi huiharibu. Ila maji yakiwa bado yanapita kwa kasi, kaa mbali, hata kama picha itakuwa mbaya.

Shimo likipigwa peke yake halionyeshi ukubwa wake. Weka jembe kando yake, au umwombe mwenzako asimame hapo. Mhandisi akiona maji ya matope yamefika magotini mwa mtu mzima, anapata kipimo.

Jua liwe mgongoni mwako. Saa sita mchana nyuso huwa na vivuli vizito chini ya macho, kwa hivyo kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri ni bora zaidi. Ukimhoji jirani, simama hatua moja au mbili tu kutoka kwake, na usizibe kwa kidole kitundu cha maikrofoni, ambacho kwa kawaida kiko chini ya simu. Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, na kwa mtoto umwombe mzazi. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

WhatsApp hupunguza ubora wa video, kwa hivyo itume kama hati. Dakika moja inaweza kufika MB 100, na bando si bure, ndiyo maana tunasisitiza vipande vifupi. Video yenyewe ibaki kwenye simu yako hadi msimamizi wa wadi athibitishe kwamba ameipokea.