Kutua Katika Upepo wa Ubavuni: Mambo Yanayofundishwa na Kiigizo cha Ndege

Miongoni mwa kazi anazotakiwa kuzimudu rubani wa ndege ndogo, chache humtoa jasho kama kutua wakati upepo mkali unavuma kutoka ubavuni. Siku hizi kazi hiyo inaweza kujaribiwa na mtu yeyote mwenye kompyuta, fimbo ya kuongozea na makanyagio ya miguu, kwa kutumia kiigizo, yaani programu inayokokotoa mwendo wa ndege na kuuonyesha katika kioo. Makala hii inaeleza kanuni za fizikia zinazohusika, kisha inapima ni sehemu gani ya elimu hiyo hupatikana katika kiigizo na ni sehemu gani haipatikani. Tofauti hiyo si jambo dogo, kwa kuwa mwanafunzi anayeondoka katika kiigizo akidhani amejifunza yote huenda akaja kulipa gharama ya dhana hiyo katika ndege halisi.

Ndege imo ndani ya hewa

Watu wengi hudhani kwamba upepo huupiga ubavu wa ndege iliyo angani kama unavyoupiga ukuta wa nyumba. Sivyo hata kidogo. Ndege iliyo hewani huchukuliwa pamoja na hewa yenyewe, kama mtumbwi unavyochukuliwa na mkondo wa mto. Mpiga kasia aliye katikati ya mto hahisi kwamba mkondo unamsukuma. Hulitambua jambo hilo anapotazama ukingoni na kuona kuwa mti aliokuwa akiuelekea umehama. Akitaka kufika penye mti huo, hana budi kuelekeza omo ya mtumbwi juu kidogo, kule mkondo unakotoka.

Hali ya rubani ni hiyo hiyo. Chukulia kwamba ndege inakaribia njia ya kutulia kwa mwendo wa noti 65 (noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa), na kwamba upepo wa noti 15 unavuma kutoka ubavuni kabisa. Noti 15 ni karibu mita 7.7 kwa sekunde. Ikiwa rubani ataielekeza pua ya ndege sambamba na njia, akiwa bado umbali wa maili moja ya baharini, atatumia sekunde 55 hivi kuumaliza umbali huo, na katika muda huo atakuwa amesukumwa pembeni zaidi ya mita 400. Hata akiwa tayari juu ya njia yenye upana wa mita 30, sekunde 2 zinatosha kumtoa katikati na kumfikisha ukingoni.

Kuupima upepo

Ni nadra upepo kuvuma kwa pembe mraba kamili. Kwa hiyo rubani huugawa upepo katika sehemu mbili kwa kanuni ya vekta: sehemu ya mbele, inayompunguzia mwendo juu ya ardhi, na sehemu ya ubavuni, inayomhamisha. Sehemu ya ubavuni hupatikana kwa kuzidisha mwendo wa upepo kwa saini ya pembe iliyopo kati ya upepo na njia.

Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam ni mfano mzuri. Njia yake kuu ina namba 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, maana yake inaelekea karibu nyuzi 050 na nyuzi 230. Upepo wa kaskazi ukivuma kutoka nyuzi 050, rubani anayetua katika njia 05 huupokea wote usoni. Upepo wa kusi ukivuma kutoka nyuzi 140, wote huwa wa ubavuni. Ukivuma kwa noti 20 kutoka nyuzi 110, pembe ni nyuzi 60, na sehemu ya ubavuni ni noti 17. Ukivuma kwa nguvu ile ile kutoka nyuzi 080, pembe ni nyuzi 30, na sehemu ya ubavuni ni noti 10 tu. Hesabu hiyo hufanywa kabla ya kukaribia kutua, si wakati wa kutua.

Mwendo wa kaa na bawa lililoinama

Kuna njia mbili za kuushinda upepo wa ubavuni. Ya kwanza ni mwendo wa kaa: pua huelekezwa upande wa upepo, na ndege husonga mshazari huku ikifuata mstari wa njia. Kwa mfano uliotolewa juu, saini ya pembe inayohitajika ni 15 kugawa kwa 65, yaani 0.23, nayo ni pembe ya nyuzi 13. Mwendo huu ni mwepesi na haumchoshi rubani. Lakini magurudumu ni ya ardhini, wala hayaujui mwendo wa kaa. Yakigusa ardhi yakiwa mshazari, husukumwa kwa ubavu, na nguvu hiyo inaweza kuharibu miguu ya ndege au kuitoa ndege nje ya njia.

Kwa sababu hiyo hutumiwa njia ya pili kabla ya kugusa ardhi. Upepo ukitoka kulia, rubani huinamisha bawa la kulia kwa kutumia vibawa, yaani vile vibao vinavyochezacheza katika ukingo wa nyuma wa mabawa, na wakati huo huo hukanyaga kanyagio la kushoto ili usukani wa mkia uinyoshe pua sambamba na njia. Bawa lililoinama huivuta ndege kuelekea upepo kwa kiasi kile kile ambacho upepo unaihamisha. Gurudumu la upande wa upepo hugusa kwanza, kisha la pili, na mwisho la mbele. Baada ya hapo kazi haijaisha: mkia mpana hupokea upepo kama bendera na kutaka kuigeuza pua, na bawa la upande wa upepo hutaka kuinuka. Kwa hiyo usukani wa vibawa huendelea kugeuziwa upande wa upepo, na huzidishwa kadiri ndege inavyopunguza mwendo.

Kanyagio linapofika mwisho

Hapa ndipo lilipo jambo kuu. Kanyagio likikanyagwa hadi mwisho, ndege inaweza kuzuiwa ikae mshazari dhidi ya hewa kwa pembe fulani tu, wala si zaidi. Pembe hiyo haibadiliki sana kwa mabadiliko ya mwendo, kwa sababu nguvu ya usukani na nguvu ya mkia inayoupinga hupungua pamoja. Lakini pembe inayohitajika hubadilika. Kwa noti 65 ilikuwa nyuzi 13. Ndege ikipungua mwendo hadi noti 50, huku upepo ukiwa ule ule, inakuwa karibu nyuzi 17 na nusu. Yaani mahitaji huongezeka katika dakika ile ile ya kutua, ilhali uwezo umesimama.

Aidha, kani za hewa hufuata mraba wa mwendo. Kwa noti 50 usukani huwa na asilimia 59 tu ya nguvu uliyokuwa nayo kwa noti 65, lakini uzito wa ndege unaopaswa kuzungushwa haukupungua. Ndiyo maana ndege huitika polepole, na dharuba moja inaweza kuipotosha kabla rubani hajairekebisha.

Kitabu cha ndege aina ya Cessna 172S hutaja noti 15 kuwa upepo wa ubavuni uliothibitishwa katika majaribio. Namba hiyo si mwisho wa uwezo wa ndege kwa sheria, wala si ahadi kwa kila rubani. Rubani mwenye busara hujiwekea kikomo chake kilicho chini ya hapo. Akiona kanyagio limefika mwisho na pua bado haijanyoka, jibu sahihi ni moja: kuongeza nguvu ya injini, kupanda, na kutafuta njia nyingine au kiwanja kingine.

Kiigizo na mipaka yake

Wazo la kujifunza kurusha ndege bila kuondoka ardhini si geni. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, New York, aliyefanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vya kanisani, alitengeneza mashine ya mafunzo iliyoinamishwa na kugeuzwa kwa mivukuto ya hewa kama ile ya vinanda. Wengi waliiona kuwa mchezo. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika hali mbaya ya hewa, na ndipo jeshi hilo liliponunua mashine 6 za Link. Mwaka 1965 Mwingereza D. Stewart alieleza jukwaa lenye miguu sita inayorefuka na kufupika. Majukwaa ya namna hiyo ndiyo yanayobeba viigizo vikubwa vya mashirika ya ndege.

Kiigizo cha nyumbani hakina jukwaa, lakini kina faida kubwa. Mwanafunzi anaweza kuupanga upepo atakavyo, kurudia kutua mara ishirini kwa saa moja, na kuzoesha mikono na miguu kufanya kazi kinyume bila kuchanganyikiwa. Juu ya yote, anaweza kuuona mwisho wa kanyagio pasipo kuhatarisha roho ya mtu.

Hata hivyo, kuna habari ambazo kioo hakizileti. Katika ndege ndogo halisi, usukani na makanyagio hulegea mwendo unapopungua, na ulegevu huo ndio unaomwambia rubani kwamba nguvu zinamwishia. Makanyagio ya kiigizo cha kawaida hurudishwa na springi, nayo springi ina ugumu ule ule kwa noti 65 na kwa noti 40. Tena, sikio la ndani na makalio huhisi ndege inapoteleza pembeni kabla jicho halijaona; aliyekaa kitini nyumbani hahisi kitu. Mwisho, karibu na ardhi upepo hukatwakatwa na miti na majengo, ukapungua hapa na kuzidi pale, lakini mwanafunzi mara nyingi huchagua upepo usiobadilika.

Kwa hiyo kiigizo kitumiwe kwa utaratibu. Mwanafunzi aanze na noti 5, aongeze kidogo kidogo, kisha atie dharuba. Kila mara atamke kikomo chake kabla ya kukaribia kutua, na kikivukwa aahirishe kutua, hata kama anajua kwamba kuanguka katika kioo hakumdhuru mtu. Mazoea ya kuahirisha ndiyo anayoweza kuyahamisha yakiwa kamili kutoka chumbani hadi angani.

Maswali ya kujipima

1. Upepo wa noti 20 unavuma kwa pembe ya nyuzi 45. Sehemu ya ubavuni ni noti ngapi?
2. Ndege inakaribia kwa noti 60, na sehemu ya ubavuni ni noti 12. Pembe ya mwendo wa kaa ni ipi?
3. Upepo wa ubavuni wa noti 10 huichukua ndege mita 15 kwa muda gani?

Majibu: (1) noti 14; (2) nyuzi 11 na nusu; (3) sekunde 3 hivi.